Kwa Nini Baba Yako Anaitwa Ilunga

Mjukuu wangu Zawadi,

Nakusalimu sana huko Lubumbashi. Hapa Kindu tuko wazima. Mke wangu, koko yako Salima, magoti yanamsumbua kidogo tu.

Unauliza kwa nini baba yako anaitwa Ilunga, jina la Kasai, na sisi ni watu wa Pangi.

Wakati wa Zaire nilitunza depo ya vipuri vya ndege. Kifaa kilichochakaa tulikifunga uzi mwekundu, kisirudi ndani ya ndege mpaka kitengenezwe. Siku moja tukaambiwa wakubwa wanatoka Kinshasa kutembelea depo. Nikataka ing'ae. Nikaosha vifaa, nikatoa zile nyuzi chafu, nikavipanga vyote pamoja. Wakubwa walinipigia makofi.

Kesho yake fundi Ilunga akaomba pampu ya mafuta. Nikampa. Akaizungusha kwa kidole, akaisikiliza.

"Citoyen," akaniita, kama tulivyoitana sisi raia wakati ule, "hii imechoka. Uzi wake iko wapi?"

Nikamwambia nilizitoa zote. Hakunipeleka kwa mkubwa. Siku mbili tulipima kifaa kimoja kimoja na kufunga nyuzi upya, ndege ikingoja pampu nzima. Abiria walitutukana, na aliyetutukana kuliko wote njo koko yako Salima, aliyekuwa anaenda Bukavu kuzaa kwa mama yake.

Alifika salama. Akazaa mtoto mwanamume, baba yako. Jina sikulitafuta, nilikuwa nalo tayari.

Baba yako anafikiri napenda kumwita ovyo, bila sababu. Mwambie kila nikimwita, namshukuru yule Ilunga mwingine.

Koko yako,
Kasongo