Mkono wa Mbuzi Hauna Kiungo

Kabanga, Ngara,
14 Septemba 2024.

Mpendwa Shangazi Ildefonsa,

Shikamoo. Natumaini huko Mtwara mnaendelea vizuri na goti lako limepunguza maumivu. Sisi hatujambo. Mama yuko Kirushya anapanda maharage, maana mvua zimeanza.

Shangazi, nina ombi. Sisi wa Kidato cha Nne tunajaza fomu za tahasusi, na zinarudishwa Ijumaa ya tarehe 27. Mimi nataka Fizikia, Kemia na Biolojia, ili siku moja niwe mwanaanatomia, mtaalamu anayechunguza jinsi miili ya viumbe ilivyojengwa. Baba anataka nisome biashara, nije nisimamie bucha.

Nilipomweleza alicheka hadi akaweka kisu chini. "Mtu alipwe mshahara kwa kutazama mguu wa mbuzi? Basi mimi ni profesa tangu hujazaliwa!"

"Profesa, nipimie nusu kilo," mteja mmoja akadakia.

Sikununa. Nilimuuliza Baba kwa nini mkono wa mbuzi huutoa kwa kupitisha kisu tu, lakini paja hulitafutia kiungo kwanza. Akasema ndivyo Babu alivyomfundisha. Nikamwomba apapase mtulinga wake, ule mfupa mwembamba kati ya bega na kifua. Mwalimu Shibuda alitufundisha kwamba mbuzi hana mfupa huo. Mkono wake umeunganishwa na kifua kwa misuli mitupu, ndiyo maana akiruka mtaro misuli hiyo hupokea kishindo.

Baba alipapasa bega lake, akapapasa la mbuzi aliyening'inia, akarudia lake.

"Miaka ishirini napita hapa na kisu," alisema, "sijawahi kujiuliza."

Hata hivyo hakukubali papo hapo. Alisema, "Mwandikie dada yangu. Akiridhia, natia saini." Kwa hiyo nakuomba umpigie simu kabla ya Ijumaa hiyo. Barua hii ataileta Agness, jirani yetu, anayesafiri kesho.

Usidhani utapata kazi kubwa. Jana nilipeleka chakula buchani nikamkuta Baba amemshika mteja bega. "Papasa hapa. Wewe unao, mbuzi hana. Binti yangu ndiye aliyegundua!"

Sikugundua mimi, Shangazi, lakini sikumsahihisha.

Nisalimie Baba Clever, na Clever mwenyewe. Mama anakusalimu sana. Mungu akupe nguvu za goti na miaka mingi ya kutembea.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye daima,
Melania Erasmus