Magogo Mawili ya Lualaba

Mujukuu wangu Zaina,

Hapa Kindu tuko wazima; mama yako angali anauza mawese soko ya Kasuku. Unauliza kwa nini nilinyamaza kwenye simu uliponieleza kazi yako: kwamba munaangalia vipande viwili vizito vilivyoshikana, ili mujue gundi isiyoonekana ndani ya protoni inachangia nini katika kuzunguka kwake.

Wakati wa vita, masasi ya bunduki yakilia nyuma yetu, babu yako alikataa kuvuka Lualaba palepale. Juu ya maji majani yalikuwa yanapita polepole. Akafunga pamoja magogo mawili mazito, akayasukuma mutoni. Yakazunguka, yakamezwa na maji ya chini. Tukakimbilia mbele, akajaribu tena na mengine mawili, yakaenda sawasawa. Njo tukavuka, mama yako mugongoni.

Jirani zetu waliamini majani, wakaingia palepale, hatukuwaona tena. Njo maana nilinyamaza: uliposema vipande viwili vizito, niliona magogo ya babu yako.

Koko, bibi yako