Amri Mbili

Mdogo wangu Ardelia,

Nyanya zimeiva. Mbwa bado analala mlangoni akimngoja shemeji yako.

Lucius alikwenda dukani na bastola kiunoni, wazi, kama sheria ya hapa Texas inavyoruhusu. Mbele yake alikuwa Hoyt, jirani yetu Mzungu, na bunduki begani. Polisi wawili wakamtania Hoyt, "Vipi mzee, kulungu wapo?" Kisha wakamwona Lucius. Mmoja akafoka, "Itupe chini!" Mwenzake, "Ole wako uiguse!"

Mume wangu alimtii wa kwanza. Wa pili akampiga risasi.

Jana Hoyt alikuja kunipa pole, bunduki ileile begani. Polisi aliyewekwa getini, ati kutulinda, alimfungulia.

Njoo tumzike Jumamosi. Mwanao aje mikono mitupu, na ionekane.

Dada yako,
Zenobia