Udongo wa Kando ya Jiwe la Maili

Kitengela

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi juani, miguu umeinyoosha, na mjukuu wako Ndinda yuko karibu, maana ndiye atakayekusomea. Magoti yanaendeleaje na ile dawa ya kupaka? Mvua imefika huko Mbooni, au mnaangalia mawingu tu kama sisi? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini.

Barabara ya Namanga ungeiona leo usingeijua. Ile uliyokuja kuiona ukiwa umenibeba mgongoni, Baba akiwa amezikwa tayari kando yake, magari mawili yalikuwa yakikutana moja linatoka nje. Sasa inapanuliwa. Baba na wenzake waliijenga kwa sururu na karai, na kipande walichomaliza kwa mwezi mashine inakimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kazi yangu mimi ni kibao. Upande mmoja ni chekundu, simama. Wa pili ni kijani, nenda. Lori la kampuni hunichukua hapa Kitengela asubuhi, linanishusha mbele huko karibu na Kajiado, nasimama mpaka jioni. Madereva wananitukana nikiwasimamisha, nikiwafungulia wananipungia mkono. Nimeshazoea yote mawili.

Ndinda, hapa soma polepole. Na kama kuna jirani ameketi hapo, ngoja kwanza aende zake. Ndiyo maana sikupiga simu ya jirani yenu Mama Kasyoka, simu yake husikilizwa na wote.

Mwaitu, ule udongo niliokuletea Krismasi si wa kaburi la Baba.

Sikukudanganya kwa kupenda. Nilifuata maneno uliyoambiwa na wenzake: jiwe la zamani la maili, hatua arobaini, upande jua linakotoka. Nililipata jiwe kabla hawajaling'oa, maana yote yanang'olewa na kuwekwa vibao vya kilomita. Nikahesabu hatua ndefu, za mwanaume. Nikaomba, nikachota udongo, nikautia kwenye mfuko wa unga. Ukauzika kando ya nyumba, katekista akaomba, na kesho yake ukaniambia umelala kama mtu. Hilo ndilo linaloniuma.

Kuna bibi mmoja Mmasai anayetuuzia maziwa, sisi tunamwita Koko. Aliolewa hapo Baba na wenzake wakiwa bado wamepiga kambi. Mwezi jana aliyaona yale mawe yamerundikwa kando, akacheka.

"Hii yenye imevunjika pembe, najua hii," akasema. "Ilikuwa kwangu."

"Kwako wapi, Koko? Si ilikuwa hapa kwa barabara?"

"Mzee yangu aliibeba na punda. Tulikuwa tunawekea mbuzi chumvi juu yake. Miaka mingi! Halafu watu ya barabara wakakuja, wakasema hiyo ni ya serikali, rudisha. Tukarudisha."

"Mliirudisha mahali pake?"

"Hapana. Nani alijua mahali yake? Tuliweka tu kwa barabara, wakatosheka."

Nikamuuliza kama anakumbuka mtu wa kambi aliyezikwa. Hakufikiri hata kidogo. Akanyoosha fimbo yake. "Yule Mkamba? Pale, chini ya oltepesi. Lakini mti ulikatwa."

Mwaitu, fimbo ilielekea katikati ya barabara mpya, hatua sita kutoka mahali ninaposimama na kibao. Tangu Januari nilikuwa nasimama hapo, mgongo nikiwa nimempa.

Sikulia. Nilingoja nilie, ikashindikana. Nikageuza kibao kijani kwa sababu magari yalikuwa yamejaa. Hata sasa nikiandika nahisi kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, najua ni wangu lakini hauniambii kitu. Hata udongo wake siwezi kukuletea, maana juu yake wamemwaga kifusi cha machimboni, tabaka juu ya tabaka, wakakishindilia.

Ningenyamaza, maana maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kila tukiongea unaniuliza, "Alipolala ni pazuri?" na mimi najibu ndiyo. Nimechoka kujibu ndiyo. Ukitaka kuufukua ule udongo, fukua. Ukitaka kuuacha, uache. Mimi sitasema neno.

Nisalimie kaka yangu Muthama, na mkewe anayekukandia miguu jioni. Msalimie shangazi Kalekye, mwambie leso yake nimeshainunua. Katekista msalimie tu, haya mengine utaamua mwenyewe kama utamwambia.

Mwaitu, nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Nimeifungua tena, kwa sababu jana wameweka lami kipande kile alipolala Baba.

Mashine ilikuwa bado mbali kidogo. Nikageuza kibao chekundu, nikamwambia mwenzangu aliyeko upande wa pili kwa redio naye ageuze. Hakukuwa na kitu cha kupisha. Magari yakasimama pande zote mbili, yakazima injini moja moja. Dereva wa lori la ng'ombe akatoa kichwa.

"Madam, mbona umetufungia na hakuna kitu?"

Msimamizi akaita kwenye redio. "Mwende, ni nini huko?"

"Kuna mzee anavuka."

"Mzee gani? Mimi sioni mtu."

"Anatembea polepole," nikamwambia. "Bado kidogo."

Nikangoja mpaka nilipoona inatosha, ndipo nikageuza kijani.

Ni mimi, binti yenu nyote wawili,

Mwende