Kahawa ya Mzee Imebeba Kupita Nguvu Zake

Mpendwa Shangazi Nzilani, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi Mwaitu, mwenye shamba, anaenda Masii kumwona binti yake Kalunde, atakaa huko kama wiki, na akiondoka nitabaki peke yangu na hii kahawa na sijui mkono wangu utafanya nini.

Mimi ni mtu wa Kivaa, nilikuja huku Kangundo kutafuta kazi ya shamba, kwetu tunajua mbuzi na ndengu, kahawa nilikuwa naiona kwa kikombe tu, na huyu mama mzee na bwanake, Mzee, ndio walionifundisha kuipalilia na kuichuma, na namwita Mwaitu kwa sababu amenishika kama mama, nikipata homa ananipikia uji, na mgongo ukikataa ananiambia, "Keti, magugu hayana miguu."

Sasa Mzee alituacha mwezi wa tatu, tukamzika hapo chini ya shamba, na siku ya mazishi mvua ikanyesha, mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, watu wakala wakiwa wamelowa, na kabla hata nyasi haijaota kaburini kahawa yote ikachanua, nyeupe kabisa, harufu inaingia mpaka jikoni, na Mwaitu akasimama katikati ya mistari akasema, "Ona vile ameniaga." Tangu siku hiyo matunda yaliyotoka kwa hayo maua anayaita ya Mzee, na hakuna mtu anaruhusiwa kutoa hata moja.

Shida ni kwamba mvua ilikatika mapema na matunda yalishika mengi kuliko nimewahi kuona, matawi yameinama, na sasa majani yanakuwa manjano na kuanguka, ncha za matawi zinakauka na kuwa nyeusi, mchana miti inanyong'onyea kama kuku mgonjwa, na matunda mengine yameanza kuwa mekundu kabla ya wakati wake, na Mwaitu anayafurahia hayo mekundu, anasema ni Mzee anaharakisha. Mtu wa kilimo alipita akasema tupunguze matunda la sivyo miti itakufa. Mwaitu akamuuliza, "Mama akishikwa na njaa, wewe unawatupa watoto wake?" Yule mtu akamaliza chai, akaenda. Nikajaribu mimi, akanicheka. "Mtu wa Kivaa, siku hizi ni wewe unanifundisha kahawa?"

Jirani yetu Kioko ameniambia ningoje Mwaitu aende Masii niyatoe, akirudi nimwambie ni upepo. Nimechoka Shangazi, nateka maji mtoni mpaka mabega yamechubuka, na nilitaka mvua ikikaribia niende nyumbani nipande, bibi yangu yuko peke yake na jembe, lakini nitamwachaje Mwaitu na miti inayokufa? Nikitoa matunda Mwaitu atakuwa amenyang'anywa Mzee mara ya pili, na nisipotoa hatabaki na kitu cha Mzee hata kimoja. Tafadhali usitaje jina langu, kwa sababu mimi na yeye tunasikiliza kipindi chako cha redio kila Jumanne akichambua maharagwe, na sitaki ajue.

Ni mimi, Mtu wa Kivaa.

Shangazi Nzilani anajibu:

Mtu wa Kivaa, pole kwa mabega, na poleni nyote kwa Mzee. Lakini hebu nikuulize. Unaandikia kipindi ambacho Mwaitu anakisikiliza, unataja Kangundo, unataja Kalunde wa Masii, unataja mpaka Kioko jirani, halafu unaniomba nisitaje jina lako? Jina lako ndilo kitu pekee ulichokisahau. Hivi sasa maharagwe yamesimama mkononi mwa Mwaitu na anakuangalia. Usitoroke nje. Keti, magugu hayana miguu.

Hilo shauri la Kioko litupe. Huo upepo wake unaochuma matunda na kuacha majani, sijawahi kuusikia Ukambani wala kwingine. Mwaitu anaweza kusamehe mti uliokufa. Kudanganywa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimpikia uji hatasamehe, na atakuwa na haki.

Sasa Mwaitu, niongee na wewe, na uniwie radhi kwa kuingia kwako bila hodi. Nimelelewa kwa kahawa, kwa hivyo sikuambii mambo ya kusoma tu. Ulimuuliza mtu wa kilimo swali zuri, naye akamaliza chai akaenda. Mimi nitakujibu. Mparachichi ukibeba kupita nguvu zake, wenyewe unaangusha machanga, ukabaki na unayoweza kulisha. Kahawa haina hiyo akili. Ni mama asiyejua kukataa. Jua likizidi, majani yanafunga vitundu vyake vya kupumulia ili maji yasitoke, na yakifunga hayapiki chakula. Lakini matunda bado yanadai. Basi mti unayapa akiba ya matawi, halafu unayapa ya mizizi, na ndiyo sababu ncha zinakuwa nyeusi. Na yale mekundu ya mapema, Mwaitu, si Mzee anayeharakisha. Ni mti uliochoka unaomaliza kazi vibaya. Nje kumeiva, ndani hakukujaa.

Usiniamini mimi. Chuma mekundu kiasi kutoka tawi lililopukutika majani, uyatie kwenye karai la maji, uone mangapi yataelea kwa utupu. Kisha utie na ya tawi lenye majani mazima.

Na kuhusu yale maua, sikukatazi kusema alikuaga. Lakini matumba yake yalikuwepo kabla ya mazishi, yamelala kwenye matawi kiangazi kizima, wakati Mzee akiwa bado anapita hapo akiyatazama. Ukame uliyatayarisha, mvua ikayaamsha tu. Ndivyo kahawa ilivyo. Na ya mwaka ujao yatatoka kwenye vijiti vipya vinavyotafuta nguvu sasa, vikinyimwa na haya matunda. Mzee alikuachia miti, mama. Usiiuze kwa debe moja la makapi.

Kwa hivyo Masii ingojee kidogo, Kalunde ataelewa. Kesho asubuhi ingieni pamoja. Tawi lililobaki bila majani, toeni matunda yote. Lenye majani machache, punguzeni. Lenye majani mazuri, liacheni na watoto wake. Mnayotoa yafukieni, yasikae chini ya mti yakafuga wadudu. Tandazeni nyasi kavu juu ya mizizi, zisiguse shina, na maji mpeleke jioni, si jua likiwa utosini. Mbolea ingoje mvua.

Na mawingu yakianza kujikusanya, Mwaitu, mruhusu huyu mtu aende Kivaa akapande. Kazi yake wewe mwenyewe umeiona. Atarudi kabla ya kuchuma, na mtachuma pamoja yale yaliyokomaa, mazito, yanayozama. Hayo ndiyo yaite ya Mzee.

Mtu wa Kivaa, inuka ulete karai. Mwachie Mwaitu atumbukize matunda mwenyewe.