Makofi ya Siku ya Kusikiliza

Ngolo yangu,

Weye samaki ya matope, mukaidi, uliacha kitanda yako wazi mu chambre yetu! Barua mbili nilikutumia kwenu na batu ya mitumbwi ya Yanonge, hakuna jibu. Bon. Hii ya tatu nitakutumia vile vile, na kopi yake nitaibandika ku mulango ya réfectoire, pale tunakulaka, batu yote basome, sababu hasira yangu haienei mu enveloppe.

Unakumbuka namna ulinichekaka? "Docteur wa kitabu bila ganda!" Kweli, mambo ya roho ya batu nilijifunza peke yangu, mu kitabu yenye mchwa ulikula ganda. Nakusomea kwa sauti, weye unasema, "Kula kwanza, docteur," unanisukumia lituma ya ndizi ya kuponda na samaki ya moshi, ile mama yako alitutumiaka mu kitunga.

Alors examen ya comité ya kusikiliza ikafika. Banafunzi wenye banataka kusikiliza benzao mu shida, lazima bapimwe. Citoyen Assistant, mwalimu wetu, alikuwa na fiche yake ya kupimia: macho inaangalia? Kichwa inaitika? Anarudilia neno ya mwisho? Akatafuta mutu wa kujifanya iko na huzuni. Akakuchagua weye, sababu unachekeshaka batu.

"Jifanye ulianguka examen," alikuambia.

Ukakaa ku kiti mbele yangu, salle imejaa batu. Alafu ukasema: "Leo asubuhi ku beach, pale mitumbwi inafikaka, batu ya Yanonge baliniambia mama alikufa. Inapita juma moja. Ile samaki ya jana alikausha akiwa mugonjwa. Mi nakula, kumbe ye iko mu udongo."

Na mi? Nilifurahi! Ndiyo, Ngolo, nilifurahi! Nilisema mu roho, huyu anacheza muzuri, atanipatisha points. Nikaitika kichwa mara tatu. Nikarudilia na sauti ya padri: "Iko mu udongo." Machozi yako inaanguka ku shati, mi naangalia kalamu ya Assistant, inaandika ama haiandiki.

"Bravo, citoyen!" Assistant akapaza sauti. Salle yote, makofi! Unatujua: kila samedi tunaimbia Chama, mutu akifungua kinywa tu tunapiga makofi, bado hatujasikia. Mikono yetu inajua kazi kuliko masikio. Mama yako alikufa, balipiga makofi. Na weye ukasimama, ukainama kidogo kama mutu wa teatri, ukatoka. Kesho yake, kitanda wazi.

Dix-huit sur vingt, Ngolo, points kumi na nane ku makumi mbili! Mi wa kwanza!

Nikakutafuta ku beach. Mama moja muuza samaki akaniangalia. "Njo weye unaishi na mutoto wa marehemu? Hakukuambia?"

"Aliniambia, mama."

"Na weye ulimujibu nini?"

Nilipotea mu batu kama mwizi.

Nakasirikia Assistant na fiche yake. Nakasirikia ile salle. Na weye pia! Kwa nini kunipa kitu ya kweli ku kiti ya uongo? Chambre yetu iko ndogo, ungenishika shati tu! ... Lakini ulinishika. Ile asubuhi ulirudi mbio, ukasema, "Vieux, sikia kwanza." Na mi, bila kuinua macho: "Ngoja, Ngolo, narudilia masomo. Leo iko examen ya kusikiliza."

Ile neno, kila siku naisikia. Sasa njo nasikia muzuri.

Sasa, lundi hii inakuja, Assistant anapima banafunzi bapya. Mara hii mi njo nitakaa ku kiti ya huzuni. "Fanya kama ule mwenzako," anasema, "alicheza muzuri sana!" Nilitaka kumupasulia ile fiche mu uso. Alafu nikawaza: nitakaa, nitasema habari yako yote, na jina yangu ndani. Lakini nikilia, batapiga makofi. Nikikataa, atapata mutu mwingine wa kujifanya, na bapya bataenda kuitikia benzao kichwa kama mi.

Salimia kaburi ya mama. Mwambie ule wa kitabu bila ganda anaomba pole, na kitunga yake ingali huku, ku musumari.

Na weye, mara hii unijibu. Ile kiti unaijua, uliikalia. Ungekuwa mi, lundi, mbele ya ile mikono yote, ungefanya nini?

Ndugu yako wa chambre moja