Mama, Njoo Unisemee

Voi,
4 Mei 1982

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kama punje za wimbi. Mgongo umepoa? Mimi ni mzima, nimenenepa hata shati la Krismasi halifungi.

Mama, mwanao ameitwa. Shule yangu ya zamani ina jioni ya waliosoma pale, tarehe ishirini na tisa, waje wawaeleze vijana kazi za porini na za kulinda wanyama. Najua utasema niliacha kidato cha pili. Basi mimi ndiye wa zamani kuliko wote, maana nilitangulia kutoka.

Atakuwepo Bwana Kituku, mkubwa wetu wa mbuga, naye alisoma pale. Anatafuta vijana wa mafunzo ya uaskari wa wanyama. Nimechoka kupiga sululu kwenye barabara za mbuga, na kichwa hiki kinafaa kofia. Lakini Kituku ana sharti lake: hamchukui kijana mpaka mzazi wake asimame kumsemea mbele ya watu. Baba ametangulia. Umebaki wewe.

Mwanao mtanashati,
Mwandawiro

Marungu,
13 Mei 1982

Mwanangu,

Barua nimepata. Sisi hatujambo, mgongo bado. Naandika mwenyewe, mwalimu wa ngumbaru asahihishe akitaka.

Januari tembo walikula mahindi yangu yote. Waliposhiba wakajikuna kwenye choo mpaka kikaanguka. Sasa nisimame niseme, chukueni mtoto wangu awalinde hao? Mwizi wangu nimwekee askari? Siji.

Kula vizuri.

Ni mimi Mama yako

Voi,
20 Mei 1982

Mama,

Shikamoo. Habari ya mgongo, na ya choo?

Umekasirika, sikulaumu. Lakini nani mwingine anisemee? Mjomba Silvanus nikimwita atasimulia habari zake mwenyewe mpaka watu wasinzie. Nacheka, Mama, lakini si mchezo. Wenzangu wa sululu wameinama mpaka wamesahau kunyooka. Nisipochukuliwa safari hii, na mimi ndiyo hivyo.

Usipokuja nitaketi nyuma, nipige wengine makofi.

Wako,
Mwandawiro

Voi,
31 Mei 1982

Mama mpendwa,

Natumaini lori la kanisa lilikufikisha salama na mgongo haukuteseka. Uliondoka haraka, mwisho wa jioni ile ya shule hukuusikia, kwa hivyo nakuletea.

Nilipokuona mlangoni na kile kitambaa chako cha kanisa, nilijifanya nimeingiwa na vumbi jichoni. Wazazi wengine walisifu watoto wao kama wanauza ng'ombe. Wewe ukasema, "Huyu wangu ana maneno mengi, na shule ilimshinda. Tembo hamwogopi, ananiogopa mimi. Mkimtaka mchukueni, lakini mniambie nani analinda mahindi yangu." Watu wakacheka. Kituku hakucheka.

Ulipotoka tu, akasema iko kazi ya kufukuza tembo mashambani, huko huko Marungu, ila kila anayepewa anaikataa. Ni ya miguu, makopo ya kugonga na fataki. Hakuna kofia, bunduki wala Landrova. Akauliza nani anaitaka.

Mimi nilikuwa nimeshaandikwa kwa mafunzo, Mama. Nikainua mkono, nikaomba nifutwe, niandikwe hiyo nyingine. Rafiki yangu Donald akaninong'oneza, "Wewe ni mjinga." Nikamwambia, "Mjinga mwenye mama."

Naanza tarehe kumi na tano. Lakini wewe ulikuja kunisemea nipate kofia, nami nimeiacha. Niambie kama nimekuvunja moyo.

Mwanao kichwa wazi,
Mwandawiro

Marungu,
11 Juni 1982

Mwanangu,

Hatujambo. Barua nimesoma mara mbili, nikalia kidogo, nikaendelea kupalilia.

Jumapili kanisani wakaniuliza mwanangu anakuja kufukuza tembo kwa kutumia nini. Nikasema bunduki mbili na Landrova mpya. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Sasa nimeanza kujua wewe ulimfuata nani.

Jana tembo wamepita kwa jirani yetu Mutiso, akaja kunililia. Nikamwambia avumilie, mwenye kazi yuko njiani.

Ukifika watataka kuona Landrova. Jibu wewe, umezoea.

Pitia nyumbani kwanza, ule.

Mama yako